Ngoma Isiyo na Kwao

Jumatano ile, saa nne asubuhi, Bwanausi alikuwa mbele ya nyumba yake pale Nianjema, mjini Bagamoyo, akipokea viti vilivyorudi kutoka kwenye shughuli ya watu. Kazi yake ilikuwa kukodisha viti, maturubai na masufuria makubwa, na juu yake aliongeza maneno bila kuombwa. Mteja mmoja alimrudishia kiti cha plastiki kilichobakiwa na miguu mitatu. Bwanausi akakiinua juu, mtaa mzima ukakiona.

"Huyu alipotoka hapa alikuwa mzima! Nyie mlimpeleka harusini au vitani? Au pilau lilipungukiwa nyama mkamkata paja?"

Watu wakacheka. Ng'ambo ya barabara Nirav, mwenye duka la mchele na unga, alicheka mpaka akajishika mbavu. Ndivyo alivyokuwa Bwanausi. Miaka hamsini na miwili, tumbo limemtangulia, sauti ya dalali wa mnada. Wake wawili walimwacha, kila mmoja kwa wakati wake, na wote kwa sababu moja: mwanamume hakujua kunyamaza. Alibaki peke yake kwenye nyumba ya vyumba viwili na mlango mmoja wa nje, na mwenyewe alisema kaneemeka, maana sasa anazimaliza hadithi zake bila kukatizwa.

Simu ikalia. Alikuwa dada yake mkubwa, Mwaija, kutoka Kaole.

"Bwanausi, mdundiko umevunjika."

"Umevunjika mguu au mkono?"

"Sina mzaha mie leo. Yule mwimbaji wao kang'olewa meno mawili ya mbele, mdomo umevimba kama andazi. Akiimba upepo unatokea pembeni. Jumamosi hawaji."

Bwanausi akakiweka chini kile kiti. Jumamosi ndiyo siku ya kumtoa nje Lulu, mtoto pekee wa Mwaija, msichana wa miaka ishirini na miwili aliyekuwa ndani wiki mbili akifundwa. Jumapili anaolewa. Na mwali wa nyumba ile hatolewi kwa spika. Anatolewa kwa mdundiko, ngoma ya kutembea: wapigaji wanakwenda huku wanapiga, mwali kabebwa begani, kijiji kinafuata nyuma kikicheza, wanazunguka naye kisha wanamrudisha mlangoni kwa mama yake. Wa kuileta ngoma ni mjomba. Mjomba akishindwa, watasema mpaka mwali apate wajukuu.

"Dada, lala usingizi. Nitakuletea mdundiko hata kuku watafuata nyuma."

Upande wa pili simu ikabadilisha mikono. Akaja Mwanajuma, kungwi aliyemfunda Lulu, na aliyemfunda Mwaija kabla ya Lulu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nisikilize, mwanangu. Ngoma ukiipata, iendee kwao. Uende kwa miguu yako, ukae nao, uone wanapolala. Ngoma ya kutembea, aliyeitoa ndiye wa kuirudisha. Sasa utairudishaje kama hujui kwao?"

"Nitakwenda, bibi."

"Usitume mtu. Wala usiseme nao kwa simu."

"Bibi, mimi na simu wapi na wapi," alisema Bwanausi, simu sikioni.

Alhamisi alikuwa na kirikuu, kigari chake cha mizigo, anarudi kutoka Bunju kuchukua maturubai. Alikwisha kuuliza vikundi vitatu, vyote vina shughuli. Alisimama Kerege kunywa dafu. Kwenye nguzo ya umeme karibu na muuza madafu palikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa mkono: MDUNDIKO. TUTOE TUTAKUJA. Chini yake namba ya simu, basi.

"Hata jina hawana," Bwanausi akamwambia muuza madafu. "Hawa ama ni wapya sana, ama wanadaiwa na kila mtu."

Akapiga. Simu haikuita. Mtu alikuwa tayari yupo upande wa pili.

"Unatutoa wewe?" Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya chini.

"Nawatoa mimi. Jumamosi baada ya adhuhuri, Kaole, kwa Mwaija. Mnalipwaje?"

"Chakula. Na utaturudisha wewe?"

Bwanausi akamkonyeza muuza madafu. "Nitawarudisha mpaka kitandani, na chandarua nitawachomekea!"

Muuza madafu akacheka. Upande wa pili hakucheka mtu.

"Tumekubali." Halikusemwa na mdomo mmoja. Ni kama walikuwa chumba kizima, wote wameinamia simu moja.

Bwanausi alikuwa na nia ya kuuliza wanakaa wapi. Kweli kabisa alikuwa nayo. Ila simu ilikuwa imekwishakatika, na alipopiga tena haikupatikana. Akaitazama ile karatasi. Jua lilikuwa limeila mpaka imekuwa rangi ya jani kavu, karatasi ya miaka. Akaigusa ile namba. Kidole kilitoka na wino.

Ijumaa jioni alifika Kaole kufunga maturubai. Mwanajuma alikuwa anachambua mchele uani.

"Umewaendea?"

"Nimewaendea, bibi. Watu wa maana. Nimekula nao ugali na perege."

"Wanakaa wapi?"

"Kerege. Kule ndani ndani."

Bibi akamwangalia kidogo, kisha akarudi kwenye mchele wake. Bwanausi alijiambia kwamba uongo wa kumtuliza bibi wa watu una thawabu zake.

Walikuja Jumamosi, jua la saa nane limesimama. Hawakuja na gari. Walitokea kwenye minazi, mmoja nyuma ya mwenzake, ngoma begani. Bwanausi aliwahesabu kwa sababu ya chakula: kumi na saba, wanaume kwa wanawake.

"Karibuni wasanii! Mmetembea? Mngesema niwafuate na kirikuu, mngepangana kama magunia!"

Walikaa chini wakala. Walikula bila kuzungumza, bila kuombana maji, na wali ukaisha kwenye masinia kabla watu hawajajua wameanza. Mwaija aliinama kwa kaka yake.

"Mbona sare zao hazifanani?"

Kweli hazikufanana. Mmoja alikuwa na shati la kijani la kitenge, kola pana za zamani. Mwanamke mmoja alijifunga kanga ambayo maandishi yake yamefutika. Kijana mmoja alivaa fulana ya kamati ya harusi, ina majina ya maharusi na tarehe ya miaka sita nyuma. Kila mmoja sare, lakini kila sare ya shughuli nyingine.

"Wameazimana," alisema Bwanausi. Lakini hakusema kwa sauti yake ya kawaida.

Mwaija alikuwa ameweka makuti makavu uani kwa ajili ya moto. Ngozi ya ngoma lazima iote moto kwanza ikaze, ndipo ilie. Kila mpigaji wa pwani ile anajua, hata mtoto anajua. Wale watu waliyapita makuti. Waliinuka, wakashika ngoma zao za baridi, wakapiga.

Zililia. Zililia vizuri kuliko ngoma yoyote aliyowahi kuisikia Bwanausi, na alikuwa amesikia ngoma za kutosha. Nywele za mikono zikamsimama. Watu wakamiminika kutoka majumbani. Lulu akatolewa mlangoni amefunikwa kanga mbili mpya, na yule wa shati la kijani akainama, akambeba begani kama anachukua mto.

Wakatoka.

Bwanausi alikuwa mbele, usinga mkononi, anatikisa tumbo, anawachokoza wakwe. "Tazameni mali hiyo! Mkwe, andaa kitanda cha chuma!" Vigelegele. Vumbi. Walipita msikitini, wakapita kisimani, wakafika uwanja wa mpira. Hapo ndipo pa kugeukia. Bwanausi akainua usinga, akageuka, akapiga hatua mbili kurudi.

Ngoma ikampita.

Walimpita kushoto na kulia bila kumgusa, wote kumi na saba, na Lulu juu. Kijiji nacho kikampita, kinacheza. Bwanausi akacheka peke yake.

"Oya! Nyumbani ni huku!"

Akawakimbilia. Alitangulia tena mbele, akainua usinga tena. Wakampita tena. Sasa walikuwa wameiacha njia na kushika ile ya kuteremkia kwenye mikoko.

Mkono mkavu ukamshika kiwiko. Mwanajuma. Alikuwa anahema.

"Hawatoki jasho," alinong'ona.

Bwanausi akatazama. Jua lote lile. Shingo zao zilikuwa kavu.

"Yule wa shati la kijani," alisema bibi. "Kitenge kile nilikishona mimi. Harusi ya Mlingotini, nikiwa msichana. Aliyekivaa ndiye aliyeleta ngoma. Alitoka nayo hakuonekana tena." Akamkaza kiwiko. "Bwanausi. Uliwaendea?"

Bwanausi akaushusha usinga.

"Uliwaendea?"

"Niliwapigia simu."

Bibi akamwachia mkono. Akakaa chini palepale, kwenye mchanga.

Mchanga uliishia, tope likaanza. Hapo kijiji kikasimama. Hakuna aliyewaambia wasimame. Walisimama mstari mmoja, wakaendelea kucheza papo hapo, macho hayapepesi. Mwaija alikuwa katikati yao. Alikuwa anatabasamu. Bwanausi akamtikisa mabega.

"Dada! Mwanao! Dada!"

Mwaija aliendelea kucheza.

Maji yalikuwa yanajaa. Wapigaji waliingia kwenye tope kama wanaopita sebuleni. Likawafika kwenye vifundo. Kisha magoti. Mapigo hayakubadilika. Bwanausi akaingia nyuma yao, viatu vikabaki, usinga ukabaki. Akaushika mguu wa Lulu.

"Mjomba," Lulu akanong'ona chini ya kanga. "Niteremshe. Nimekaa begani kwake tangu nyumbani. Huyu mtu hapumui."

Akavuta. Ni kama kuvuta mzizi. Alimpiga yule mtu mgongoni kwa ngumi. Mgongo ulikuwa wa baridi. Mgumu.

"Mwache mtoto!"

"Tunakwenda kwetu," alisema wa shati la kijani. Hakugeuka.

"Kwenu wapi?"

"Wewe ndiye uliyetutoa."

"Rudini Kerege!"

"Kerege tulibandikwa tu."

Maji yalifika kiunoni. Ya baridi. Ncha za kanga ya Lulu zikaanza kuelea. Mbele hapakuwa na kitu ila mikoko, na nyuma ya mikoko bahari.

"Ulisema utaturudisha," alisema mtu yule. "Kila mmoja wetu alisema hivyo. Tukikosa kwetu tunakwenda tu. Na aliye begani anakwenda nasi."

Lulu akaanza kulia. Taratibu, kama mtoto asiyetaka kusikika.

Bwanausi alitazama nyuma. Dada yake, anatabasamu. Akatazama juu. Mtoto ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kupiga mluzi.

"Kwangu," alisema.

Ngoma zikanyamaza.

Kimya kile kilimuumiza masikio. Vichwa kumi na saba vikageuka kwa pamoja.

"Sema vizuri."

"Kwenu ni kwangu." Meno yalikuwa yanagongana. "Nianjema. Mnafuata lami mpaka mjini. Nyumba yenye viti nje. Mlango wa bluu. Muwekeni mtoto chini. Nitawarudisha. Mimi mwenyewe nitawarudisha."

Yule wa shati la kijani akainama. Lulu aliteremka ndani ya maji, akajikwaa, akashika mikoko, akakimbilia ufukweni. Hapo ndipo Mwaija alipopiga kelele. Kijiji kikaamka, watu wanaulizana wamefikaje huku, nani kaleta mwali kwenye tope.

Bwanausi hakungoja kuulizwa. Alipita kando, miguu mitupu, akashika njia ya Bagamoyo. Hakugeuka hata mara moja. Hakuwa na haja. Alisikia maji yakichuruzika nyuma yake, nguo nyingi, hatua nyingi.

Jua lilikuwa bado halijazama alipofika Nianjema. Nirav alikuwa dukani anampimia mama mmoja mchele. Alimwona Bwanausi anakuja katikati ya barabara, ametota mpaka kiunoni, peke yake. Alimwona anafungua mlango wa bluu, kisha hakuingia. Alisimama pembeni ya mlango, kichwa chini, mkono kifuani, kama mwenye nyumba anayepisha wageni.

"Karibu," alisema Bwanausi. Akatulia kidogo. "Karibu." Akatulia. "Karibu."

Nirav alivuka barabara.

"Bwanausi, kaka, unamkaribisha nani?"

Bwanausi hakumtazama. Midomo ilikuwa inatembea. Alikuwa anahesabu.

"Karibu," alisema mara ya kumi na saba. Kisha akaingia na yeye, akafunga.

Lulu aliolewa Jumapili, bila ngoma, kama alivyoomba mwenyewe. Bwanausi alifika amevaa kanzu safi. Alikaa karibu na mlango, akala vijiko viwili, hakumtania mtu. Wakwe walidhani anaumwa.

"Mapema hivi?" Mwaija alimuuliza alipoaga.

"Nina watu nyumbani, dada."

Viti havikukodishwa tena. Maturubai yakauzwa, kirikuu kikauzwa. Baada ya miezi mitatu Nirav alimpigia Mwaija simu. Maneno yake yalizungukazunguka kwa aibu.

"Dada, samahani sana. Kaka yako ananunua mchele kilo tano. Kila siku, dada. Na mwenyewe amebaki mifupa."

Mwaija alikwenda kesho yake, saa tatu asubuhi. Bwanausi alifungua mlango kidogo. Tumbo lilikuwa limekwisha. Shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola.

"Shikamoo, dada." Alinong'ona.

"Marahaba. Mbona unanong'ona?"

"Wamelala."

Mwaija alimsukuma akaingia. Chumba cha mbele hakikuwa na kitu. Hakuna kiti, hakuna mkeka. Katikati ya sakafu palikuwa na sinia kubwa, halina hata punje moja. Ukutani palinuka chokaa mbichi.

"Nimepaka tena juzi," alisema Bwanausi. "Mara ya nne hii. Yanarudi."

Ndipo Mwaija alipoyaona. Kuzunguka kuta zote, usawa wa mtu aliyekaa chini, palikuwa na madoa. Madoa ya mafuta, kama yale ya kwenye baraza ambazo watu wameegemea miaka na miaka: duara la kichwa, na chini yake upana wa mgongo. Yalikuwa ya hudhurungi, yamepenya chokaa. Alihesabu bila kutaka kuhesabu. Kumi na saba. Yamepangwa bega kwa bega, isipokuwa sehemu moja, kati ya la nane na la tisa. Hapo walikuwa wameacha nafasi.

"Twende Kaole," alisema Mwaija. "Sasa hivi, mdogo wangu. Kama ulivyo."

"Nikihama watatoka. Watamfuata nani, dada? Wewe una mtoto." Alikuwa anazungumza kwa upole sana. "Mimi nalala chumba kile kingine. Nafunga mlango. Hapa sikai. Naapa kwa Mwenyezi Mungu, tangu siku ile sijakaa chini humu ndani hata mara moja."

Mwaija alikuwa anaitazama ile nafasi waliyoiacha. Chokaa ya pale ilikuwa nyeupe kama ya dari, ila kwa juu, usawa wa kichwa, ilikuwa imeanza kuingia rangi ya chai.